Sahani Iliyogeuzwa kwa Bibi Fonsine

Conques,
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu mpendwa Gaspard,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Noemi na watoto, na mgongo wa Noemi uwe umetulia. Yule ng'ombe mwekundu je, alizaa salama? Sisi huku miili haijambo. Mama ana malengelenge miguu yote miwili, lakini ukimwambia mpumzike kidogo anakuuliza kama umekuja kutembea au kulinda nyasi. Kwa hiyo ujue bado ni yule yule.

Nimekaa juu ya ukuta nje ya kanisa. Mama amelala ndani kwa watawa. Nataka kukueleza safari yetu kwa utaratibu, tangu ulipotuacha stesheni ya Bourg, maana kuna jambo ambalo nisipolipanga litanishinda kulisema. Nivumilie, kaka, wala usiruke mistari.

Siku ile ulituaga kwa hasira. Ulisema mama wa umri ule kwenda kupanda milima kwa ajili ya mtu ambaye hata mwili wake haukuonekana ni kujichimbia kaburi. Treni ilipoondoka ndipo Mama aliponiambia kwamba hana haja ya kufika Kompostela, mwisho wa njia ya mahujaji. Alitaka afuate njia ya Mtakatifu Yakobo mpaka pale ukingoni mwa mto Lot, polisi walipouokota mkoba wa mdogo wetu Florentin, afanye sala, kisha arudi nyumbani. Lakini kwanza, alisema, tule Lyon, kwenye mgahawa ambamo Florentin alimpigia simu, siku ya mwisho tuliyosikia sauti yake. Alipiga mdomo umejaa soseji, akaisifu mpaka Mama akamgombeza ameze kwanza. Baada ya hapo ukaja ukimya, kisha mkoba, kisha miaka hii miwili unayoijua.

Mgahawa tuliupata nyuma ya soko, mlango mwembamba, mapazia ya kitambaa chenye miraba myekundu. Ndani meza zimebanana, kila moja imetandikwa karatasi, watu wanakula bega kwa bega: madereva wa malori, makarani, padri mmoja mnene, na wasafiri wawili wenye fimbo kama sisi. Chakula cha siku kimeandikwa ubaoni kwa chaki, na bei yake ni ya watu kama sisi. Mwenyewe ni mwanamke mpana, mikono imekunjwa mpaka viwikoni, wote wanamwita Bibi Fonsine. Alimtazama Mama aliyekuwa bado amejifunga koti lake jeusi, akamwambia, “Dada, vua hilo koti. Hapa wanaokula na makoti ni polisi tu.” Watu wakacheka. Na Mama, kaka, akalivua.

Tukaletewa maini ya kuku yaliyosagwa, halafu dengu za baridi zenye vitunguu, halafu ile soseji yenyewe, nene kama mkono wa mtoto, imelala juu ya viazi vilivyolowa siagi. Divai ikaja katika chupa ya kitako kizito. Wewe unajua Mama alivyokuwa akila tangu tumpoteze Florentin: vijiko viwili vya supu, basi, amesukuma bakuli. Siku ile alikula kama mvunaji. Padri alipomtania kwamba atambakishia Mungu nini, Mama alimjibu, “Mungu amekwisha kula kwangu vya kutosha, Padri. Leo zamu yangu.” Padri akammiminia divai. Mimi nilikula nikitokwa na machozi, na bado chakula kilikuwa kitamu. Sijui kama hilo ni dhambi. Nilitamani mchana ule usiishe.

Jibini lilipoletwa, Mama aliisafisha sahani yake kwa mkate mpaka ikang'aa, akaigeuza kichwa chini, akaweka jibini juu ya kitako chake, kama tulivyofundishwa na bibi yetu kule shambani. Bibi Fonsine alikuwa akipita na mikono imejaa vyombo. Akasimama. Akasema, “Ee! Na wewe ni wa kabila hilo la wageuza sahani? Mimi na umri wangu huu nimeona mmoja tu mjini humu. Kijana wangu wa kuosha vyombo. Kila siku namwambia, we Florentin, unanichafulia sahani pande zote mbili halafu unaziosha mwenyewe, una akili kweli?”

Mama alishika ukingo wa meza akauliza, taratibu sana, kijana huyo yuko wapi. Bibi Fonsine akasema sasa hayupo, yeye huja majira ya baridi tu, theluji inapoifunga njia ya mahujaji. Wakati kama huu yuko huko juu nyanda za Aubrac, anapika kwenye nyumba ya kulala wasafiri ya mzee mmoja anayeitwa Urbain. Alitutazama, mmoja mmoja, kisha vyombo alivyobeba akaviweka juu ya meza ya watu wengine. Akauliza, “Nyinyi ni nani wake?” Mama akasema, “Mimi ndiye niliyemzaa. Tumemwombea misa ya wafu.”

Hakuna aliyecheka tena pale ndani. Bibi Fonsine alikataa katakata tulipe, kisha akatushika mikono mlangoni na kutuomba tusimfuate kwa ukali, maana yule kijana alimjia akiwa kama kitu kilichonyeshewa na mvua, na hajawahi kumsikia akitaja kwao.

Sikukupigia simu, kaka. Mama alinikataza. Tulifika Le Puy, tukaanza kutembea, na njia nzima hakusema neno. Mvua ilitupiga, upepo wa kule juu unakata masikio, nilimwomba tupande basi akanitazama tu. Nilifikiri anatafuta maneno ya kumgombeza mtoto aliyetufanya tumlilie akiwa hai. Sikujua anatafuta maneno mengine.

Tulimkuta jikoni, anamenya viazi. Amekonda, ana ndevu. Alituona akainuka, akakaa tena, kisu bado mkononi. Nilimrukia nikamkumbatia, nikampiga kifuani, nikamkumbatia tena. Aliniacha nifanye nilivyotaka. Baadaye alinieleza, bila kunitazama, kwamba ule mkoba aliuweka ukingoni yeye mwenyewe, akaingia mtoni ili asitoke. Maji yalikuwa baridi mno. Akatoka, na aibu ya kutoka ikawa kubwa kuliko ile ya kuingia. Mzee Urbain, akirudi kutoka sokoni na gari lake, alimwokota barabarani amelowa chapachapa. Hakumuuliza kitu. Alimpa suruali kavu na ndoo ya karoti za kumenya.

Nilimuuliza kwa nini hakutuandikia hata mstari. Akasema, “Ningewaandikia nani, Agathe? Mnaishi kwa Gaspard, mtu niliyemfanya yatima.”

Kaka, hapa ndipo nilipokuwa napaendea. Unayakumbuka maziko ya Baba. Unakumbuka mbele ya majirani wote ulivyomshika Florentin ukosi, ukampiga kofi, ukasema yeye ndiye aliyemuua Baba, kwa kuliacha trekta kwenye mteremko bila kulifunga breki. Sikulaumu. Sote tuliamini hivyo, na yeye mwenyewe aliamini kuliko sisi.

Mama alisimama katikati ya jiko lile, hata mzigo hajatua, akasema breki ilikuwa imefungwa. Alisema asubuhi ile alikuwa dirishani anachuja kahawa. Alimwona Baba akipanda kwenye trekta, akaifungua breki kwa mkono wake mwenyewe, akashuka, akaenda kusimama chini ya mteremko, mbele ya trekta, akavua kofia. Mama alipofika nje trekta lilikuwa limekwisha kumkanyaga. Alinyamaza kwa sababu alitaka Baba azikwe kama watu wengine, bila watu kunong'ona kanisani. Alidhani lawama ya breki itapita kama mvua, kwamba ajali ni ajali. Na siku ulipompiga Florentin alifungua kinywa aseme, akawaona majirani, akakifunga.

Kisu cha Florentin kilikuwa kimesimama. Akauliza, “Ulikuwa dirishani?” Mama akasema alikuwa. Akauliza tena, “Na siku aliponipiga, ulikuwa umekwisha kuona?” Mama akasema ndiyo. Florentin akakitazama kiazi alichokishika, akamalizia kukimenya, akakitupa kwenye maji. Akasema, “Nendeni mkanawe. Wasafiri wanakuja, supu bado.”

Alitupa kitanda kizuri kilicho karibu na jiko la kuni. Asubuhi alitukatia mkate wa njiani, mkubwa, na jibini, lakini Mama aliponyoosha mkono amguse shavu alirudi nyuma hatua moja. Kuja nyumbani, alisema, haji. Hakusema kwamba hatakuja kamwe. Wala hakusema atakuja siku moja.

Mto tumeupita, Mama hakusimama hata kuutazama. Nilidhani sasa tutarudi, akaniambia nirudi mimi nikitaka, yeye ndiyo kwanza amepata sababu ya kutembea, na atafika mpaka mwisho. Siwezi kumwacha. Alinituma nikuandikie haya kwa mkono wangu, na alisema usiwafiche watoto wako, na kama unataka kumchukia, umchukie sasa angali yuko mbali.

Mimi sijui nimchukie nani. Juu ya Baba sijui hata pa kuanzia. Kila nikifumba macho namwona anavua kofia. Soma barua hii ukiwa peke yako, halafu mpe Noemi naye aisome, usibaki nayo kifuani.

Nisalimie watoto, waambie shangazi yao amewanunulia makombe ya bahari ya kuvaa shingoni. Mama anakusalimu. Florentin hakutuma salamu. Ila tulipokuwa tayari njiani alinikimbilia na kofia yangu niliyoisahau, akanipa, akasimama kidogo, akaniuliza kama lile goti lako bado linakusumbua wakati wa baridi.

Ndimi dada yako akupendaye,
Agathe