Jino la Mama

Sigowet, 9 Machi 1996

Dada Rodah mpenzi,

Ndoa ni tamu, dada. Namtazama Mathew akinywa chai na moyo unajaa.

Sikukuambia kwamba damu yake ilipatikana na virusi vya homa ya ini, wakubwa wa hospitali wakamzuia kung'oa meno. Nililia sana. Juzi wamemruhusu, mradi avae glavu mbili na apimwe mara kwa mara. Lakini jana kila mgonjwa alikiogopa kiti chake. Ndipo Mama, ambaye kwa desturi hawezi hata kumshika mkwewe mkono, akaingia na jino lake bovu, akaketi.

"Mkwe, heshima nitakupa kesho. Leo ng'oa."

Leo foleni imefika barabarani.

Mdogo wako mwenye raha,
Chepkurui