Kilio cha Nangila

Kitale,
12 Agosti 2024.

Kizito mwanangu,

Wewe ni mwalimu wa watu ama ni mjinga aliyevaa tai? Nimeanza na hilo lisije likanikwama kooni. Sasa nakusalimu. U mzima? Jentrix na watoto huko Kanduyi wameamkaje? Mimi goti linauma, lakini si goti limenishikisha kalamu. Simu yangu hushiki, basi shika karatasi.

Tangu tumzike ndugu yako Barasa, leo siku ya kumi na tisa, binti yake Nangila hajafungua mdomo. Shuleni, kabla hawajafunga, hakuitikia jina. Uji anakunywa nusu kikombe. Nikimsemesha ananitazama tu, kama mimi ndiye niliyekufa.

Juzi nikamwambia, “Kama kusema imekushinda, si uandike.” Akaandika neno moja: raucous. Mimi niliachia darasa la tatu, kwa hivyo nikabeba hiyo karatasi mpaka dukani kwa Mohini, yule hutuuzia vitambaa. Akasoma, akaona haya. “Mama, ni sauti mbaya, ya kukwaruza. Kama sufuria ikiburutwa kwa simiti. Nani ameambiwa hivi?”

Hapo nikakumbuka ulivyomwinamia mtoto kando ya jeneza ukamnong'oneza, walimu wenzako wamesimama nyuma yako. Palepale akanyamaza. Mimi nikadhani unamfariji!

Mtoto wa miaka kumi na moja anamlilia baba yake, wewe unapima sauti ati wageni wanasikia? Si ndiyo maana ya kulia, wasikie! Kwetu kilio huvuka mto, watu wa ng'ambo wajue nyumba imebomoka. Baba yako alipokufa, wewe ulilia mpaka ng'ombe wakakata kamba. Nani alikunyamazisha?

Kizito, nimeshindwa. Pasta ameomba. Shangazi yake Phelista amekuja akamwimbia, wapi. Nimeshazika mtoto mmoja mwaka huu, na huyu naye anaisha mbele ya macho yangu. Neno ulilitoa wewe, mimi siwezi kulirudisha.

Nisalimie Jentrix, na mzee Kiptanui jirani yako. Mungu akufunike, hata kama umenichoma.

Jumamosi panda gari ya kwanza. Ukifika usinisalimie mimi, nenda kwa Nangila. Mshike mkono mwende kaburini, na uanze kulia wewe, kwa sauti yako yote, mpaka akusikie.

Mama yako asiyejua kukuchukia,
Roselyne