Udongo wa Bwegera kwenye Matairi Mapya

Papa wangu,

Minibasi yetu imevaa matairi mapya. Najua ungeuliza hilo kwanza, kabla hata ya matokeo yangu ya shule, kwa hiyo nimeanza nalo. (Matokeo nayo ni mazuri.)

Unakumbuka siku uliponipeleka mimi na Mama kwa muuzaji wa matairi karibu na soko? Nilikuwa bado mdogo, nikiamini kwamba tairi zuri ni lile linalong'aa. Wewe ulitoa mfuko wa plastiki wenye udongo mweusi wa mashamba ya mpunga ya Bwegera. Ukaulowesha, ukaushindilia kwenye meno ya tairi, kisha ukalibiringisha mpaka ukutani. Muuzaji akashika kiuno.

"Papa, weye uko unapima pine ao uko unajenga nyumba?"

"Niko nauliza pine kama inajua kuachilia," ulimjibu bila kucheka. "Lami haitaniuliza kitu. Matope ya kwetu ndiyo itaniuliza."

Mama alijifunika uso kwa kitenge kwa aibu. Wewe ulibiringisha jingine, na jingine, mpaka ukapata lililotupa udongo wote kabla ya kufika ukutani. Siku ile nilikuona mkubwa kuliko walimu wangu wote.

Kwa matairi hayo ulileta Uvira mpunga wa Bibi na wa majirani zake hata wakati wa mvua, magari mengine yakisubiri njia ikauke. Tulipokusindikiza Bwegera kukuzika nyuma ya nyumba ya Bibi, ni hayo hayo yaliyotufikisha. Kisha yakaisha, yakawa laini kama kisigino. Minibasi ikakaa uani, kuku wakataga chini yake.

Hukuwahi kumwona Mama akiendesha. Alijifunza kila Jumapili baada ya misa, kwa gari la parokia kwenye uwanja wake, watoto wakimshangilia kila gari lilipozimika. Aliliwasha tena kila mara.

Lakini Baba Mdogo alikuja na shauri lake. "Shemeji, nunua pine laini ya lami. Gari itazunguka mu mji tu, nitakutafutia shofere. Njia ya Bwegera ni ya wanaume."

Mama alimwongezea chai. Mimi niliogopa. Matairi laini yangemaanisha kwamba hatuendi tena Bwegera. Mpunga wa Bibi ungekosa gari, nawe ungebaki kule bila sisi.

Jumamosi tulikwenda watatu kwa muuzaji yule yule. Baba Mdogo alikuwa tayari anapigapiga matairi laini kwa kiganja, kama mtu anayechagua tikiti maji. "Hizi!"

Mama akaweka kikapu chini. Akasogeza majani ya sombe, akasogeza samaki wadogo wa ndagala, akatoa mfuko wa plastiki. Moyo wangu ulijua kabla ya macho. Udongo ulikuwa bado mbichi. Bibi alikuwa ameutuma kwa mtu wa pikipiki.

Safari hii Mama hakujifunika uso. Alifunga kitenge vizuri, akapiga magoti, akashindilia. Tairi laini likafika ukutani na matope yake yote.

Muuzaji akacheka mpaka akaegemea mlango. "Mama! Na weye?"

"Na minye," Mama akasema. "Matope ya Bwegera haijabadilika."

Alishindilia jingine, lenye meno marefu, akalibiringisha. Hilo lilianza kutupa udongo tangu mzunguko wa kwanza, na bonge moja likatua kwenye suruali ya Baba Mdogo, ile ya pasi. Aliitazama suruali, akamtazama Mama.

"Basi," akasema taratibu, "tuchukue hii."

Jana tulikuja kwako. Mama aliendesha. Kwenye kona ya mfereji, pale magari yanapokwama na kulala, alitaja jina lako polepole na kubadilisha gia. Baba Mdogo, nyuma yake, alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili. Tulipopita, yeye ndiye aliyepiga makofi ya kwanza.

Natamani ungemwona, Papa. Nilipokuwa mdogo nilidhani ujasiri wote wa nyumba yetu ni wako.

Tuliporudi Uvira na magunia ya Bibi, matairi yalikuwa karibu safi. Viatu vyangu ndivyo vilivyokuwa vizito kwa udongo wa kaburini kwako. Mama aliniambia nivikwangue kabla ya kuingia ndani. Nimevikwangua, udongo nimeutia kwenye mfuko wa plastiki na kuuweka chini ya kiti cha dereva. Matairi haya nayo yataisha siku moja, na siku hiyo nitakuwa nimejifunza kuendesha.

Mimi,
binti yako, abiria wa kiti cha mbele