Chekeche Linazunguka, Mke Harudi

Mshauri wetu Bibi Hindu,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nakuomba uniokoe maana nyumba yangu imepata mtihani na kosa langu silioni. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Old Kampala, na tangu mboga ziadimike sokoni nimelima bustani nyuma ya nyumba, na bustani inataka mboji, na mboji ya maganda ya matoke na mavi ya kuku haifai mpaka ichekechwe, nami kuinamia ungo siwezi tena, ndipo nikabuni chekeche la kuzungusha kwa mkono, magurudumu mawili ya baiskeli, moja kila upande, na wavu wa kuanikia kahawa umeviringishwa katikati kama pipa lililolala, limeinama kidogo, unatia mboji upande wa juu, unazungusha, ile laini inaanguka chini na vijiti vinatokea mwisho. Abdu, fundi baiskeli, alipoliona alisema, "Mwalimu, hii kitu iko nazunguka muzuri sana, lakini mama sasa atapanda nini?" Nikaona ni wivu wa fundi.

Magurudumu, nakiri, ni ya baiskeli ya mke wangu Salme, anayefua mashuka hospitali kule Mulago, lakini miguu Mungu amempa, na mabasi yasipokuwa na petroli watu wote wanatembea. Zamani alifika kabla ya magharibi, sasa anafika giza limeingia, chakula hali, na juma lililopita alirudi pekupeku na saa yake ya mkononi hana, nilipomuuliza akasema imepotea, nikamkaripia kwa uzembe maana saa siku hizi hazipatikani. Alhamisi hakurudi kabisa. Alimtuma mwenzake Apio aniambie, "Salme amesema atalala huku kwa kota za wafanyakazi mpaka baiskeli yake irudi." Bibi, mke anamwacha mume kwa ajili ya magurudumu? Nimrudishe vipi bila kulibomoa chekeche? Na mboji ikiwa mbichi inanata kwenye wavu, nifanyeje?

Wako mwenye huzuni,
Mansur

Mwalimu Mansur,

Hongera sana. Sukari tunaisubiri, sabuni tunaisubiri, lakini mboji laini, kwa juhudi zako, imepatikana. Nianze na linalokunyima usingizi: ianike juani siku mbili kabla ya kuichekecha, na unapozungusha gongagonga wavu kwa kijiti. Sasa tuje kwenye lile jambo dogo, mkeo.

Unasema saa imepotea. Saa hupotea, sikatai. Lakini saa pamoja na viatu vyote viwili, jioni moja, njia moja, havipotei, vinavuliwa. Unaijua njia hiyo, na unajua ni nani huweka mapipa barabarani kuzuia wapitao jua likizama. Mimi najua, na mhariri wangu anajua, ndiyo maana ameniomba niishie hapa. Kwa baiskeli Salme alikuwa anapita kabla mapipa hayajapangwa. Abdu aliliona hilo mara moja, tena mikono imejaa grisi. Wewe mwenye elimu ukaona ni wivu.

Hakukuacha kwa ajili ya magurudumu. Amekwenda kulala mahali ambapo hapiti pale. Na nitakwambia kinachonichoma mimi, maana wewe naona hakijakuchoma. Mwanamke huyu alirudi kwako na hofu yake, akajaribu kidogo kidogo, akaanza na saa, ukamkaripia. Basi yaliyobaki akakaa nayo peke yake.

Fanya hivi, na ufanye leo. Fungua magurudumu yote mawili, mpelekee Abdu ayarudishe kwenye baiskeli, na umwombe radhi huku anafunga nati. Chekeche lako litafutie pete za pipa bovu. Mboji haijali inazungushwa na nini. Kisha isukume baiskeli mpaka Mulago, usiipande, ni ya mwenyewe. Salme akitoka, usimhubirie na usimwombe arudi. Mwambie umekosa, mwachie baiskeli, na kurudi au kutorudi aamue yeye. Halafu shika njia urudi kwa miguu, wakati ule ule aliokuwa akirudi yeye. Ukifika nyumbani ndipo utajua kila jioni ulikuwa unampitisha wapi.

Bibi Hindu