Picha ya Timu ya Edwin

Jumapili, Agosti 1971

Angekuja na mzee mmoja tu, hata wa kuazima. Lakini Edwin alikuja kuniposa peke yake, na kwa kuwa kwao ni ng'ambo ya bahari, akaleta picha ya timu yake ya kriketi.

Baba aliisogeza dirishani. "Hawa wote ni ndugu zako?"

Mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri. Edwin akasema hapana, visiwa vyao ni vidogo mno, hakuna kinachoweza kutoa timu peke yake, basi wachezaji walitoka visiwa mbalimbali.

Ningeweza kusema ndiyo, ni ndugu. Nilitafsiri alivyosema.

"Wameokotwa huku na huku," Baba akasema. "Ng'ombe wa mahari watatoka kisiwa kipi? Na siku mkigombana, nitamwita nani wa ukoo wake tuketi naye?"

Hilo sikuweza kulitafsiri. Edwin alidhani mambo yamekwenda vizuri, akacheka, akamwonyesha Baba kofia aliyovaa pichani.

Kesho, shuleni tunakofundisha, ataniuliza tarehe ya harusi.

Jumatano wanakuja kuniposa watu wa mwanamume mwingine, wa upande wa Mosocho. Mama anasema wataijaza sebule.