Nilivyokataa Kushuka Garini Gendabi

Kambi ya Shamba la Ngano,
S.L.P. 31,
Katesh, Hanang.
14 Julai 1985

Mpendwa dada Zita,

Shikamoo. Naomba barua hii iwakute wazima huko Mtwara, wewe na shemeji Sulle, na homa ya mtoto Akonaay iwe imeshakwisha. Mimi ni mzima, dada, mzima kupita kiasi. Nikolausi anasema tangu tufunge ndoa sijakalia kiti hata kikapata joto. Hata sasa naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo. Nje kombaini zinanguruma tangu asubuhi na mume wangu yuko juu ya mojawapo. Niruhusu niandike tena: mume wangu.

Uliniuliza kama wakwe wamenipokea. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Unajua baba mkwe hakuja kanisani siku ya harusi. Yeye ni mfugaji wa Gendabi, Mbarbaig wa desturi za kale, na tangu Nikolausi aanze kuendesha mitambo kwenye ardhi walikokuwa wakilisha ng'ombe, baba na mwana hawasemeshani. Jina la mzee silitaji, ndiyo adabu ya kwao kwa mke wa mwana.

Basi kabla ya mavuno Nikolausi alipata likizo fupi, na kaka Julius akatuazimisha Land Rover yake ya kubebea maharage. Tukapanga kuzunguka: Tumati, Daudi, tushuke Manyara kuona wanyama, turudi kwa njia ya Babati, kisha Gendabi. Mimi ndiye niliyeiweka Gendabi mwisho. Nilitamani kufika na niliogopa kufika, kwa hiyo kila mahali niliona tunachelewa.

Tumati tulilala kwa Scolastica, yule niliyesoma naye. Alitupikia makande na maziwa ya mgando, akataka tubaki siku ya pili. Nilikuwa nimeshafunga mzigo kabla hajamaliza kuomba.

Kwetu Daudi, mama alitupokea kwa machozi, na kuku wawili wakapoteza maisha. Kulikuwa na baridi, ukungu umelala juu ya mahindi, na Nikolausi akanivika koti lake mbele ya watu wote. Dada, nilitaka ardhi inimeze na nilitaka asilivue kamwe. Shangazi Letisia akasema, "Hawa hawajaoana, wameshikana kama kupe na ng'ombe." Kesho yake akapanda gari letu mpaka Babati, yeye na debe lake la mbegu, akakaa katikati yetu.

Hifadhini Manyara tembo walivuka barabara mbele yetu, mama na ndama wake, taratibu kama watu wanaotoka ibadani. Nikolausi akazima gari. Ziwa lilikuwa na rangi ya waridi kwa wingi wa ndege. Alinishika mkono nyuma ya mgongo wa shangazi, akaniambia macho yangu yanang'aa. Yalikuwa yanang'aa kwa hofu. Nilikuwa natazama tembo na kuwaza lango la Gendabi.

Shangazi alinijua. "Umekalia kaa la moto wewe?"

Nikamweleza. Akasema, "Ukifika usisimame nje kama mtu anayedai deni. Wewe umesoma, wewe Mkristo. Salimia, ingia, keti. Wakuone huna maringo."

Nikauweka ushauri huo moyoni, tukamshusha Babati.

Tulifika Gendabi jua likiwa juu. Boma lao limezungushiwa miiba, lango ni jembamba. Baba mkwe alisimama kando ya lango na fimbo yake, na karibu naye alifungwa mtamba mmoja mwekundu. Niliruka chini gari halijatulia, nikasema shikamoo baba, nikapita langoni moja kwa moja hadi nyumba ya mama mkwe, nikaketi. Siku hiyo moja, dada, nilikaa.

Wanawake wakanyamaza. Nikaletewa maziwa kwenye kibuyu, nikanywa yote, nikayasifu. Mwishowe wifi yangu Bernadina akanivuta nje.

"Wifi, mbona umeingia?"

"Si nimekaribishwa?"

"Mgeni ndiye hukaribishwa. Bibi arusi huombwa. Husimama nje, hukataa, na baba mkwe humtajia ng'ombe atakayempa mpaka akubali. Mzee alimchagua yule mtamba mwenyewe. Umempita kama unapita kisiki."

"Na sasa?"

"Sasa wewe ni mgeni. Umekunywa maziwa, utaaga, utaondoka."

Nikatazama langoni. Kamba ilikuwa chini, na mtamba alikuwa anaswagwa kuwafuata wenzake malishoni. Nikolausi alikuwa ameinamia injini, anajifanya kukagua oili. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilijua desturi," akasema bila kuinua kichwa. "Sikudhani angekutajia hata mbuzi."

Dada, sauti yake ilinikata. Nikamwambia, "Washa gari."

"Tunakwenda wapi?"

"Tunakuja hapa hapa."

Alinitazama, kisha akaanza kucheka polepole, kile kicheko chake kinachoanzia mabegani. Tukaenda mpaka kwenye kona, tukageuza, tukarudi. Nikajifunika kitenge kichwani, nikashika mlango kwa ndani kwa mikono miwili. Lango lile lile, vumbi lile lile, mimi sishuki.

Mama mkwe alitoka, akaniangalia, akaelewa, akacheka mpaka akajishika kiuno. Akanitajia kondoo. Nikanyamaza.

"Hasikii huyu," Bernadina akasema. "Masikio yamejaa vumbi la Babati. Taja kitu kikubwa."

"Labda miguu imeota humo ndani," jirani mmoja akajibu. "Leteni panga tuikate."

Wakaimba, wakanitania, wakaongeza mbuzi. Lakini mzee alibaki mbali, ametupa mgongo. Jua likaanza kuinama, na Nikolausi alitakiwa kambini jioni hiyo. Ndipo nikaona nilichokifanya. Aliyekataa kushuka hawezi kujishusha mwenyewe. Kama baba asingekuja, ningeondoka vile vile nilivyokaa, na nisingekuwa na uso wa kurudi tena.

Alikuja. Aliizunguka Land Rover yote, akagonga tairi kwa fimbo, hakumtazama mwanawe. Akasimama upande wangu, akasema kwa Kiswahili chake cha maneno machache, "Mtamba wangu hapandi gari. Anayemtaka ashuke, amfuate kwa miguu."

Nikashuka. Alitangulia bila kugeuka, nami nyuma yake na viatu vyangu vya harusi, mpaka kwenye kundi. Akauweka mkono wake juu ya mgongo wa yule mwekundu. "Huyu wako. Anakaa hapa. Utakuwa unakuja kumwona." Halafu, akimpapasa mtamba shingoni, "Dereva wako amekula?"

"Bado, baba."

"Mwambie ale."

Nilirudi mbio. Nilipomwambia Nikolausi, alijipangusa uso kwa kitambaa cha oili, akawa mweusi mpaka masikioni, akaingia kwa mama yake akala.

Tulipoondoka, mzee alikuja tena dirishani kwangu, si kwake. "Mwambie dereva wako asikimbize gari. Amebeba mtu wangu."

Mkono wa Nikolausi ulikuwa kwenye gia. "Nimesikia, baba," akasema.

Hakujibiwa. Lakini mzee hakuondoka dirishani mpaka gari lilipoanza kutembea, na mume wangu aliendesha polepole hadi Katesh, machozi yanachora njia kwenye ule weusi, nami sikuyafuta kwa kuwa hayakuwa yangu.

Hilo ndilo jibu lako, dada.

Mama anakusalimu sana, na shangazi Letisia, na Julius ambaye anauliza nani amepasua kiti cha gari lake. Msalimie shemeji Sulle, umbusu Akonaay. Mungu awalinde huko pwani na awape njia ya kuja kwetu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye daima,

Imakulata