Maneno Niliyomfungashia Mwanangu

Jumatatu, 8 Desemba 1997

Dukani nimefungua belo la makoti ya mitumba. Mazuri, ila mengi hayana vifungo. Mvua tangu alfajiri. Redioni wanasema mwaka huu ni elninyo. Sisi wa Tukuyu hatujaona tofauti. Huku mvua haihitaji jina.

Mchana nimeshona jina la Sekela kwenye taulo na shuka. Keshokutwa anakwenda kambini Kyimo. Kambi ya watoto, ya kanisa. Watacheza, wataimba, watalala bweni moja na kula pamoja mpaka wiki ijayo iishe. Wazo ni la mwalimu wake wa darasa. Aliniita akaniambia, "Mama Sekela, mtoto ana akili, ila hachangamani na wenzake. Saa ya chakula anakwenda kukaa peke yake nyuma ya darasa."

Nilikasirika. Nimemtoa shule ya serikali nikampeleka ya Kiingereza, anavaa soksi hadi magotini, halafu naambiwa hana wenzake! Marehemu mama yangu angecheka. Kwao kuchangamana kuliitwa ukwangala, kukaa na watu, kula nao na kucheka nao, na hakuna aliyepelekwa kambini kufundishwa.

Lakini mwalimu amesema kweli. Miaka tisa, na hana rafiki hata mmoja.

Alikuwa naye. Bupe. Leo sitaki kuandika habari za Bupe.


Jumatano, 10 Desemba

Nimempeleka. Uwanja wote matope, watoto wanapiga kelele, masanduku ya bati yamepangwa barazani. Kiongozi wao ni Mwalimu Lusajo, kijana mpole mwenye gitaa. Watoto wanamning'inia mikononi.

Na Bupe yupo. Kanisa limemdhamini. Ni mtoto wa jirani yangu, Mama Bupe, yule anayepika sokoni: chai, maandazi, ndizi nyama. Kati ya nyumba yake na yangu kuna mstari mmoja wa migomba. Hawa wawili walijifunza kutembea wakishikana.

Bupe alipomwona Sekela alikuja mbio, mikono wazi. Sekela akarudi nyuma, akanishika sketi. Akanitazama usoni. Alikuwa anauliza kama ana ruksa.

Nikainama kutafuta mwavuli ambao nilikuwa nimeushika mkononi.


Ijumaa, 12 Desemba

Duka halina watu. Nitaandika basi.

Mwezi wa tatu Bupe alipata upele. Nikamkataza Sekela kwenda kwao. Mama gani asingemkataza? Wakampaka dawa, na kufika Pasaka ngozi ya yule mtoto ilikuwa safi kuliko yangu. Sikuondoa katazo.

Upele ulikuwa kisingizio. Ukweli ni kwamba duka lilikuwa limeshika kasi. Tumeezeka bati jipya, tumenunua televisheni, nimeweka geti. Nikaanza kuona haya mwanangu kukutwa amechuchumaa jikoni kwa mama ntilie, machozi ya moshi usoni, anakula ndizi kwa mikono sahani moja na Bupe. Baba Sekela yeye hana habari, maisha yake ni barabarani na lori.

Sekela akawa anatoroka. Nikimfungia geti, anapita kwenye migomba. Ndipo nikamwambia neno la kumtisha. Nilimwambia, "Mama Bupe ana mkono mbaya. Ukila chakula chake atakulisha vitu, tumbo litavimba."

Hakuvuka tena. Nikafurahi. Neno lilikuwa limefanya kazi haraka, kama sumu ya panya.

Je, niliamini? Hata kidogo. Nilipojifungua Sekela, Mama Bupe ndiye aliyeniletea uji mpaka nikaweza kusimama. Kwetu ukikataa chakula cha mtu umemwita mchawi bila kufungua mdomo. Mimi na mdomo nimeufungua, tena kwa mtoto.


Jumapili, 14 Desemba

Siku ya wazazi kutembelea.

Mwalimu Lusajo aliniita pembeni, akamwita na Sekela. Alhamisi Mama Bupe aliwapelekea watoto wote ndoo ya maandazi, ya moto, zawadi. Watoto wamekaa kwenye mikeka, wameanza kula. Sekela akasimama akapiga kelele: "Msile! Mama yake ana mkono mbaya, mtavimba matumbo!" Wakatema. Mmoja akatapika kwa woga tu. Tangu hapo hakuna anayekaa karibu na Bupe. Analishwa jikoni na mpishi, na hata huko hali vizuri.

Mwalimu hakugomba. Akasema Sekela kwa akili yake alikuwa anawaokoa wenzake. Kisha akaniuliza, "Maneno haya ameyatoa wapi, mama?"

Nilikuwa na nafasi. Mtu mmoja tu mbele yangu, tena mpole. Nikasema, "Watoto hawa, mwalimu. Huenda ameyaokota shuleni."

Sekela akanitazama. Muda mrefu. Kisha akamgeukia mwalimu. "Ndiyo. Shuleni."

Mwanangu amesema uongo kunifichia aibu, na mimi nimemwacha. Walimsimamisha mbele ya wote aombe radhi. Aliomba vizuri, mikono nyuma, sauti safi. Wazazi wote walikuwa wanasikiliza. Bupe alitazama chini. Mama yake hakuwapo, Jumapili hii alikuwa na msiba wa jirani wa sokoni.

Na sasa naelewa kwa nini shuleni anakula nyuma ya darasa. Mimi nilimtaja mtu mmoja. Yeye akaona kwamba chakula cha watu wote ni cha kuogopwa. Mwalimu wake wa shuleni alidhani ni aibu ya kitoto. Mtoto hana aibu, ana utii.


Jumanne, 16 Desemba

Maneno yamewahi kufika mjini kuliko gari. Wazazi waliokwenda Kyimo wamerudi nayo.

Saa nane mchana nilipita sokoni. Benchi la Mama Bupe tupu. Sufuria ya ndizi imejaa mpaka juu, mvuke umeshakwisha. Yeye anafuta meza ambayo haikuwa na kitu cha kufuta.

Dukani mteja mmoja, akijaribu koti, akaniambia, "Umesikia ya jirani yako? Watoto wenyewe wamesema, Mama Sekela. Mtoto hasemi uongo."

Nikasema, "Eeh." Nikamsaidia kufunga zipu. Eeh! Ndivyo nilivyosema.

Jioni Mama Bupe alipita na masufuria yake kichwani. Alisimama mlangoni, akanisalimu kwa Kinyakyusa. "Ugonile, Mama Sekela."

"Ndaga," nikaitikia.

Akasema, "Nimesikia ya huko kambini. Tafadhali usimpige mtoto. Watoto huokota maneno."

Afadhali angenitukana.


Jumatano, 17 Desemba

Sikufungua duka. Nilitoka kwenda kwake. Nikafika kwenye migomba, nikasikia anakohoa ndani, nikarudi. Baada ya chai nikatoka tena. Nikarudi tena.

Mwoga mkubwa mimi. Sokoni naweza kubishana na wanaume kumi juu ya belo.


Ijumaa, 19 Desemba

Meza ya Mama Bupe haipo. Wenzake wa sokoni wamemwomba apumzike kidogo mpaka maneno yapoe, maana na wao wanapoteza wateja. Wamemwomba kwa adabu, nasikia. Watu wa hapa tuna adabu sana.

Nilimkuta kisimani. Hakuonyesha hasira. Akasema Krismasi ikipita atarudi Kinyala kwa kaka yake akalime. Bupe atahamia shule ya huko. "Hapa pamenishinda," akasema, na akaniomba nimshikie ndoo ajitwishe. Nikamshikia.

Mjane huyu ameishi hapa kwa sufuria zake mbili. Hakuomba mtu kitu. Nimemng'oa bila hata kushika jembe.

Kesho ni kufunga kambi. Wazazi wote watakuwapo, na yeye atakwenda kumchukua Bupe. Nikinyamaza kesho nitakuwa nimenyamaza moja kwa moja. Naogopa. Naogopa wateja, naogopa Baba Sekela akirudi na kusikia, naogopa wanawake wa kwaya. Naandika ili nisije nikajidanganya kwamba sikujua.


Jumamosi, 20 Desemba

Nimesema.

Ukumbi ulijaa. Watoto waliimba, wakaigiza mchezo wa kumpokea mgeni. Bupe alipewa nafasi ya mgeni. Katika mchezo wakamkaribisha, wakampa kigoda na chakula cha kuigiza. Mchezo ulipokwisha wakasogea mbali naye. Niliona, na mama yake aliona. Alikuwa amekaa karibu na mlango, kitenge kimefunika mdomo.

Mwalimu Lusajo akauliza kama kuna mzazi mwenye neno. Nikasimama. Na mvua nayo ikaanza, ile yetu, ya kumwagwa. Bati lote likanguruma. Nikasema maneno yangu niliyoyapanga tangu asubuhi, ya upole, ya kuzungukazunguka. Hakuna aliyesikia. Mzee mmoja wa nyuma akaweka mkono sikioni. "Sema kwa nguvu, mama! Hatusikii!"

Nikarudia. "Hatusikii!"

Basi maneno ya kuzungukazunguka hayapigiwi kelele. Nikajikuta nimepaza sauti kama mnadani: "Ni mimi! Maneno ya Mama Bupe ni yangu! Nilimdanganya mtoto wangu! Hakuyatoa shuleni! Mama Bupe hana mkono mbaya, mimi nina mdomo mbaya!"

Wa nyuma wakauliza wa mbele nimesema nini. Wakaambiwa. Ikabidi niyasikie tena na tena yakisogea benchi kwa benchi mpaka mlangoni, kwake.

Mama mmoja wa kwaya akaguna. Mwingine akacheka. Mwalimu akaja akasimama karibu nami. Nilimwita Sekela, nikamwomba radhi mbele yao. Yeye akaniambia sikioni, "Mama, kaa chini." Ameona haya kwa ajili yangu. Namwelewa.

Kisha nikaenda mlangoni, nikapiga magoti mbele ya Mama Bupe, kwenye matope yale ya viatu. Akaniinua haraka. "Simama, Mama Sekela. Yamekwisha." Alisema bila kunitazama. Akamshika Bupe mkono wakatoka na mvua hiyohiyo, hawakusubiri ikatike.


Jumapili, 21 Desemba

Kanisani nimekaa benchi zima peke yangu na Sekela. Ibada ilikuwa ndefu.


Jumanne, 23 Desemba

Baba Sekela amerudi na lori. Nilimwambia mwenyewe kabla hajaambiwa barabarani. Alivua viatu, akakaa. Akasema tu, "Yule mama aliyekuletea uji?"

Meza ya Mama Bupe imerudi sokoni. Wanawake wa mboga walimfuata wenyewe. Wateja watatu, wanne. Wengine wamepita wakitazama pembeni. Neno likishatoka si kuku wa kuitwa akarudi. Nilikwenda nikakaa kwenye benchi lake, katikati, palipo wazi. Nikaomba ndizi nyama. Akanipakulia sahani ya kujaa, na nyama ya mfupa. Nilikula yote, watu wakiniangalia. Nilitaka waniangalie.

Nilipomuuliza kama bado anakwenda Kinyala, akasema hajui. Akaenda kuchochea moto.

Dukani kwangu hakuna aliyekuja kupiga soga. Sawa.


Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Mvua imetulia, mlima wa Rungwe umeonekana wote mpaka juu.

Nimepika wali na kuku, nimepakua sahani kubwa, nimeifunika. Nikamwuliza Sekela kama ataipeleka kwa kina Bupe au niipeleke mimi. Akafikiri. Akauliza, "Nikikaribishwa nile?"

Nikamwambia ale.

Alipita kwenye migomba, si getini. Alikaa sana. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa. Nilimsikia Bupe akicheka mara moja, au labda ni mtoto mwingine.

Amerudi na sahani tupu, imeoshwa. Midomo ina mafuta. Nikamwuliza kama wamekula. Akasema wamekula, yeye na Bupe, pale jikoni, sahani moja, na Bupe amemwachia paja.

"Na mama yake?"

"Alikaa na sisi. Tulimkaribisha. Akasema ameshiba, hakuonja hata kidogo."

Nimeifuta sahani na kuiweka kabatini pamoja na nyingine.